Hoja ya Uzi Mmoja

1

Subilaga alishindwa kesi kwa kusema "ndiyo". Hakutishwa wala hakurubuniwa. Aliulizwa swali jepesi mchana kweupe, mbele ya Jaji na umati wa watu, akalijibu kwa kujiamini kama alivyolijibu tangu utotoni, na kabla hajakaa vizuri kwenye benchi hoja dhidi ya mumewe ilikuwa imeshakamilika. Hilo ndilo lililomkereketa. Angeshindwa kwa hila angepata angalau mtu wa kumlaani. Lakini kushindwa kwa kinywa chako mwenyewe!

Swali lilitoka ukutani. Mpambanuzi, mashine inayopima hoja katika mahakama ya Lwifwa, hana uso. Ana sauti tu, tena ya upole wa kukera, ya mtu ambaye hajawahi kukatizwa maneno.

"Mama Subilaga," alianza, "mumeo Ambilikile, kwa nyuzi alizopandikizwa kichwani, kama zilivyo leo, ni mtu?"

"Ni mtu. Ulitaka awe nini, kabati?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji Anyelwisye, mwanamke mwembamba asiyependa kelele, aligonga meza, ingawa na yeye alikuwa ameuma midomo.

"Akipunguziwa uzi mmoja tu, atakuwa si mtu?"

"Kwa uzi mmoja? Thubutu."

"Na hiyo ni kweli popote utakapofika? Ukimkuta ni mtu, ukapunguza mmoja, utamwacha ni mtu?"

Mwingine hapo angekohoa, angeomba maji, angesema ngoja kwanza. Lakini Subilaga alikuwa mhesabu, tena mkuu wa zamu, na wahesabu wana ugonjwa wao.

Nyumba ya Hesabu ni kongwe kuliko mahakama. Waliojenga Lwifwa huku juu mlimani walikuwa wamekimbia bonde lililomezwa na maji baada ya kuta za bwawa kupasuka. Mashine za wakati ule zilikuwa zimeapa kwamba bwawa ni salama, kwa nambari kubwa ambazo hakuna binadamu aliyewahi kuzifikia, wala ambaye angezifikia hata angepewa maisha ya ukoo mzima. Manusura walipofika juu waliweka nadhiri: nambari ambayo kinywa cha mtu hakijaifikia si nambari, ni uvumi. Wakaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, wakipokezana zamu, vizazi na vizazi, na mpaka leo hawajanyamaza. Ukiwauliza nambari kubwa kuliko zote ni ipi, watakwambia subiri kidogo, bado inasemwa. Vijana wa mjini huwacheka, na wao hawajali. Kitu cha kwanza anachofundishwa mtoto wa wahesabu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu, ni hiki: aliyefika popote anaweza kuongeza moja. Na anayeweza kuongeza moja anaweza kurudi moja. Kulikana hilo ni kuitukana nyumba nzima.

Kwa hiyo Subilaga akainua kidevu, akasema, "Ndiyo. Popote."

"Ahsante," alisema Mpambanuzi. "Basi akipunguziwa mmoja ni mtu, akipunguziwa mwingine ni mtu, na kadhalika, hadi uzi wa mwisho. Hakuna hatua inayomwondolea utu. Baraza la Mji likipunguza nyuzi zote, halitakuwa limemwondoa mtu yeyote. Hoja imekamilika."

Jaji akasema hukumu itasomwa kesho asubuhi. Watu wakatoka wakinong'ona. Subilaga alibaki ameshika benchi kwa mikono miwili, akijiona kama mtu aliyeibiwa mfukoni kwa mkono wake mwenyewe.

2

Kutoka mahakamani alikwenda moja kwa moja wodini. Ambilikile alikuwa ameketi kitandani, blanketi limemfika kifuani, maana joto la wodi lilikuwa limepunguzwa tena.

"Umekuja," alisema.

"Nimekuja, Baba Gwakisa."

"Leo mmefika..."

Akanyamaza. Mdomo ulibaki wazi kidogo, macho yakimwangalia mkewe kwa matumaini, kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa na kipande kilichobaki. Na kweli alikuwa nacho. Ambilikile alikuwa fundi wa mabomba ya mvuke, mtu wa mizaha, na katika ndoa yao yote haikupita jioni asimuulize mkewe akitoka zamu: "Leo mmefika wapi? Bado hamjamaliza tu?" Subilaga alichoka na mzaha ule hata kabla mtoto wao Gwakisa hajazaliwa. Aliwahi kumtupia mwiko kwa sababu yake. Sasa angetoa chochote ausikie mpaka mwisho.

"Bado hatujamaliza," akamjibu, akageuza uso.

Maradhi ya usahaulifu yalipoingia Lwifwa, mafundi wa ubongo waligundua namna ya kupanda nyuzi laini mahali ambapo ubongo umekufa. Kila uzi hubeba kitu kidogo kisicho na jina. Si kumbukumbu nzima, si neno zima, ni chembe tu ya kitu. Uzi mmoja ukizimwa hakuna anayegundua, hata mgonjwa mwenyewe. Lakini nyuzi zinakula umeme, na umeme wa Lwifwa unatokana na mvuke wa mlima, na mlima ulikuwa umeanza kupoa. Baraza la Mji halikutaka kumzima mtu. Nani anataka jina hilo? Likaamua kupunguza kidogo kidogo, kila siku baada ya chai, na kwa kila uzi mmoja liliweza kusema, bila kudanganya, kwamba hakuna kilichotokea. Ndivyo mzaha wa Ambilikile ulivyokatika mkia, na haikujulikana siku ulipokatika.

Kwenye kitanda cha pili alilala binti aliyeitwa Sekela, ambaye maradhi yalimkamata akiwa bado kijana. Alikuwa amebakiwa na nyuzi chache kuliko mgonjwa yeyote mle ndani. Hakusema wala hakutabasamu. Ila mtu akiketi kwenye kitanda chake, mara nyingine alijisogeza kidogo upande wa ukuta, kumpisha mgeni. Mara nyingine hakujisogeza. Bupe, mhudumu wa wodi, alisema ni mshtuko wa misuli tu. Hata hivyo Bupe huyohuyo alikuwa akimwomba radhi Sekela kila alipombadilishia shuka.

Subilaga alikuwa bado amekaa kando ya mumewe aliposikia viatu vigumu vikija.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumwona uliyemshinda?"

Lusekelo Mwambije, wakili wa Baraza la Mji, alikuwa kijana nadhifu mwenye sauti nzuri, na hakuwa mtu mbaya. Watu wabaya unawajua mapema ukajikinga. Huyu ungeweza kumkaribisha chai.

"Nimekuja kukusaidia, mama," alisema, akivuta kiti. "Hoja ya Mpambanuzi ina mlango mmoja tu wa kuivunjia. Taja uzi."

"Uzi gani?"

"Wowote. Sema mpaka hapa ni mtu, ukishuka chini ya hapa si mtu tena. Ukitaja, ile 'popote' yako inafutika, na hoja inakatika. Neno la mkuu wa zamu Jaji atalipokea. Nimeshamdokeza."

"Halafu?"

"Halafu huo unakuwa Mpaka wa sheria. Walio juu ya Mpaka hawaguswi tena maishani. Mumeo yuko juu sana, mama. Hata ukikosea kwa wingi, yeye hafikiwi."

"Na walio chini?"

Lusekelo alikuna shingo. "Walio chini, kisheria, hawatakuwa watu. Nyuzi zao zitazimwa mara moja, na umeme wao utawatosha waliobaki. Mama, mlima unapoa kweli. Watoto wa chekechea wanasoma na makoti. Kuna vichanga kule hospitali ya uzazi. Mimi sifanyi mchezo."

"Hata sisi Nyumba ya Hesabu tumezima moto. Tunahesabu meno yakigongana."

"Najua. Ndiyo maana nakuomba. Nambari moja tu, mama. Si ndiyo kazi yako, kutaja nambari?"

Tusimpambe Subilaga: aliitamani nafasi hiyo. Alimtazama mumewe, akaona mbele yake miaka ya uzeeni, Ambilikile akiwa vilevile kama leo, si zaidi lakini wala si pungufu, mkono wake ukiwa wa moto mkononi mwake. Akajaribu kimoyomoyo kuweka kidole mahali. Hapa. Lakini kila alipoweka kidole, aliyeko uzi mmoja chini alimlalamikia: kwa nini mimi nife na huyu apone, tumepishana nini? Akapandisha kidole juu, akashusha, malalamiko yakabaki yaleyale. Na popote alipokiweka, Sekela alikuwa chini yake.

"Unataka niseme kitu nisichokijua," alisema hatimaye, "ili mtu afe kwa kitu hicho."

"Lakini mpaka lazima uwepo mahali fulani, mama."

"Nani kasema? Baba yako alipoanza kuota upara, ni unywele gani uliomwangusha? Ulimwona siku hiyo amesimama mbele ya kioo akisema haya, tangu saa hii nina upara?"

Lusekelo alijizuia kucheka, akashindwa. "Basi hoja ya Mpambanuzi inasimama. Ni moja kati ya mawili."

"Si moja wala si mawili. Nilikosea kitu, mwanangu, nimekigundua nikiwa njiani. Niliulizwa kama kila hatua inapitika, nikasema ndiyo, na mpaka sasa nasema ndiyo. Sikuulizwa kama safari inafika. Sisi kila siku tunaongeza moja, hakuna siku tumeshindwa kuongeza moja, lakini zile nambari za bwawa hatujazifikia na hatutazifikia. Yule wa ukutani kasema 'na kadhalika' akaruka. 'Na kadhalika' si hatua. Ni mahali ulipochoka kutembea ukajifanya umefika."

"Sasa utafanyaje? Utailazimisha mashine itembee?"

"Si mashine," alisema Subilaga. "Wewe."

3

Haki ya Kinywa ilijulikana na kila mtu Lwifwa, kwa namna watu wanavyojua vitu vya mababu visivyotumika. Inasema hivi: hoja yoyote inayogusa uhai wa mtu, mlalamikaji akidai, itasemwa yote kwa kinywa cha binadamu, hatua kwa hatua, mbele ya mwenye uhai huo. Hakuna anayeruhusiwa kushuhudia juu ya mtu kabla ya kumwamkia. Na hoja isiyofika mwisho si hoja.

Subilaga aliposimama asubuhi ya hukumu na kuidai, mahakama nzima iliguna.

"Mama Subilaga," alisema Jaji Anyelwisye, "unajua nyuzi za mumeo ni nyingi kiasi gani? Huyu kijana atamalizia ujana wake hapo."

"Na aumalizie, Mheshimiwa. Wengine tumezeeka kwa kuhesabu na hatujafa."

"Na wakati wote huo kupunguza kunasimama?"

"Kunasimama. Haitekelezwi hukumu ya hoja ambayo bado inasemwa."

"Huu ni ujanja wa kuchelewesha!" Lusekelo aliruka.

"Ndiyo, nachelewesha!" Subilaga hakumung'unya maneno. "Kama mji unataka kumzima mume wangu, mji usimame pale sokoni useme: tunamzima mtu, kwa sababu tunaona baridi. Nitalia, nitawatukana, lakini nitakuwa nimewaelewa. Msijifiche nyuma ya uzi mmoja. Mnakata leo kidogo, kesho kidogo, kila mtu mikono yake safi, halafu siku moja mtu hayupo na hakuna aliyemwondoa! Mnataka kufika huko? Sawa. Fikeni kwa miguu yenu. Kila hatua mtu aitamke, na mimi nimwone usoni akiitamka."

Jaji aligeukia ukuta.

"Mpambanuzi, sheria hii bado ipo?"

"Ipo, Mheshimiwa. Lakini haina haja. Mwisho wa hoja unajulikana."

"Na nani?" aliuliza Jaji.

Hakungoja ukuta ujibu. Jaji akaandika.

Basi mahakama ikahamia wodini. Kando ya kitanda cha Ambilikile waliweka skrini, na ndani yake Mpambanuzi akawa anatengeneza kivuli, yaani sura na sauti ya Ambilikile kama ambavyo angekuwa akipunguziwa uzi mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Hakuna uzi wa kweli uliokatwa. Wakili alitakiwa akiamkie kivuli, asubiri, kisha atamke, "Huyu ni mtu." Subilaga alijibu, "Nimesikia." Kisha kivuli kinachofuata.

Siku za mwanzo ilikuwa karibu burudani. "Shikamoo, mzee," alisema Lusekelo. "Marahaba, hujambo kijana?" kilijibu kivuli. "Huyu ni mtu." "Nimesikia." Ambilikile mwenyewe alisikiliza kwa makini kama mtu aliyefunguliwa redio, na mara moja alimwitikia wakili kabla kivuli hakijajibu, wodi nzima ikacheka. Lusekelo alikuwa hodari. Alikuwa na ulimi mwepesi na kifua cha kufanya kazi kutwa, na alikuwa ameapa kumwonyesha mama huyu kwamba hakuna hatua itakayomshinda.

Mvua zikaisha, kipupwe kikaingia. Mjini watu walilala mapema kwa kubana umeme, na si wote waliokuwa na subira. Sokoni mwanamke mmoja alikataa kumuuzia Subilaga viazi, akamwita mama wa giza. Subilaga alirudi nyumbani bila viazi akalia jikoni, kisha akanawa uso akaenda kukaa kwenye kiti chake. Kule kwenye skrini, "Marahaba, hujambo kijana" ilikuwa imekuwa "Marahaba". Baadaye ikawa sauti tu inayofanana na "marahaba". Baadaye ikawa macho yanayogeuka upande wa aliyesema, na baadaye hata macho yakawa hayageuki, au labda yaligeuka kidogo sana. Lusekelo aliendelea. Huyu ni mtu. Nimesikia. Huyu ni mtu. Nimesikia.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa, Bupe akisukuma toroli la uji, Subilaga aliposikia kitu kinapungua. Alitega sikio kwa vivuli vichache zaidi, kisha akainua mkono.

"Wakili. Umeacha kumwamkia."

"Nani?"

"Huyo."

Lusekelo aliitazama skrini. "Nimemwamkia."

"Hukumwamkia. Wala aliyetangulia. Wala wa kabla yake."

"Haiwezekani, mama. Tangu lini?"

Hakuna aliyejua. Jaji hakujua, na alikuwa amekaa pale siku zote. Bupe hakujua. Subilaga mwenyewe, na hilo lilimchoma moyo, alikuwa ameitikia "nimesikia" juu ya sura ya mume wake, mara baada ya mara, bila kugundua kwamba hakuna anayemsalimu tena.

"Hatua isiyo na salamu ni batili," alisema Jaji polepole. "Lazima turudi pale salamu iliposimama. Mpambanuzi..."

"Ninayo hatua yenyewe," alisema Mpambanuzi. "Na naomba mahakama itazame jambo moja. Wakili wa Mji aliacha kusalimu kwa hiari yake, bila kushawishiwa na yeyote. Hapo basi ndipo utu ulipokoma machoni pa binadamu. Panafaa kuwa ule Mpaka ambao mama alikataa kuutaja. Niutaje?"

Subilaga alielewa papo hapo. Mahali hapo pangekuwa chini sana ya Ambilikile. Mumewe angekuwa salama maisha yake yote, na yeye asingekuwa amesema neno. Angetaja mashine, angeandika Jaji, na aliyeacha kusalimu ni wakili. Mikono yake ingekuwa safi kuliko mikono yote ya mji. Alichotakiwa kufanya ni kukaa vivyo hivyo alivyokaa, mkono wa mumewe ndani ya mkono wake, na kunyamaza.

Akasimama.

"Usimruhusu, Mheshimiwa."

"Mama," alisema Jaji kwa sauti ya chini, "hii inamwokoa mumeo."

"Najua inamwokoa!" Sauti ilimpasuka. "Mnadhani sijui? Nimekaa hapa mpaka mgongo umepinda kwa ajili ya huyu mwanamume. Namtaka! Namtaka hata akibaki kunitazama tu. Lakini simtaki juu ya mwili wa binti wa watu. Wakili, njoo hapa."

Akamshika Lusekelo mkono wa shati, akamvuta mpaka kitanda cha pili.

"Huyu ana nyuzi chache kuliko hivyo vivuli ulivyovipita kimya. Kama Mpaka uko kule, huyu hapa hayupo. Basi na yeye mpite. Usimsalimu. Tamka kwamba si mtu, urudi kwenye kiti chako. Sitakuzuia."

Sekela alikuwa amelala chali, nywele zake zimesukwa upya na Bupe, macho ameyaelekeza juu, kwenye dari au kwenye kitu kisichoonekana na wengine. Lusekelo alisimama pale. Alitazama mlango. Mtu yeyote aliyekuwepo aliweza kuona kwamba alikuwa anajilazimisha, na kwamba kitu ndani yake kilikuwa kinakataa kama punda njiani.

"Hujambo, Sekela," alisema.

Hakujibiwa. Hakuna kidole kilichotikisika wala kope iliyopepesa. Lusekelo alisubiri. Alisubiri kupita kiasi cha sheria, kichwa ameinamisha, na wodi yote ikasubiri pamoja naye.

"Samahani," alisema mwisho, kwa sauti ambayo haikuwa ya mahakamani. Kisha akasema, "Huyu ni mtu."

"Nimesikia," akasema Subilaga.

Jaji Anyelwisye alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Wakili, rudi kwenye hoja."

"Siwezi, Mheshimiwa."

"Unaishia hatua ipi? Lazima niandike."

"Sijui." Lusekelo alijifuta uso kwa kiganja. "Kule niliacha kusalimu, pengine kwa uchovu, pengine kwa ukatili, sijui. Hapa nimeshindwa kuacha, na huyu ana chache zaidi. Mkinileta kesho nitakwama kwingine. Mkimleta mwenzangu atakwama kwake. Mimi najua kitu kimoja tu, kwamba huko mbele kinywa changu hakiendi. Usiniulize ni wapi, Mheshimiwa. Hakuna wapi."

"Mahakama ikiruhusu," alisema Mpambanuzi, "ninaweza kutaja kwa usahihi..."

"Nyamaza," alisema Jaji, wala hakupaza sauti.

Akaandika kwa muda mrefu. Toroli la uji lilikuwa limesimama katikati ya njia na uji ulikuwa unapoa, lakini hakuna aliyethubutu kulisogeza.

"Hoja haijafika mwisho," alisoma. "Isiyofika mwisho si hoja. Kupunguza kumesimama, kwa Ambilikile na kwa kila mgonjwa ambaye hoja hii ingemgusa. Hakuna Mpaka ulioandikwa. Mji ukiona baridi, mji utafute njia nyingine ya kuota moto, na njia hiyo uitaje kwa jina lake." Akanyanyua macho, akamtazama Subilaga, na hakumficha. "Lakini sheria ni sheria, mama. Baraza lina haki ya kumleta wakili mwingine aianze hoja upya kutoka mwanzo. Nawajua wale. Watamleta kesho."

Subilaga alikuwa amerudi kwenye kiti chake. Kiuno kilimuuma, tumbo lilimnguruma, na kama angeulizwa anataka nini saa ile angesema kitanda chake mwenyewe na siku nzima ya kutosikia sauti ya mtu. Akakivuta kiti karibu zaidi na mumewe.

"Na aje," alisema. "Mwambieni aje ameshiba, na aanze kwa salamu."